Mchanganya muziki wa Muyeye anayemsaka mamake ndani ya kanda

Saa tatu na robo asubuhi, mtaani Muyeye, Malindi. Everlyne Menza anafunga dirisha, anazima feni, kisha anamgeukia mgeni wake. "Niwie radhi. Sasa tutaoga jasho kidogo."

Feni ina kelele, na jirani wa dirishani ana jogoo asiyejua saa. Chumba chenyewe ni kidogo, nyuma ya duka la mshonaji. Ukutani amepigilia magodoro makuukuu na kuyafunika kwa leso, kwa hivyo anayeingia huzungukwa na maneno ya leso pande zote nne, mengine ya mahaba, mengine ya kumsuta jirani. Everlyne anasema aliyapanga bila kuyasoma. Mwandishi haamini.

Mezani kuna kompyuta, spika mbili na hedifoni ambayo sponji yake ya kushoto imeshonwa upya na mshonaji wa mbele. Anabonyeza. Dundo la muziki wa densi linaanza, zito, la kielektroniki, lile la kutikisa kifua. Everlyne anafumba macho na kusikiliza kwa dakika mbili nzima bila kugusa kitu.

"Hili dundo lina kiburi," anasema hatimaye. "Limekalia benchi zima, wenzake wamesimama."

Kazi yake ni kulisogeza. Everlyne, mwenye umri wa miaka 41, huchanganya sauti. Vijana wanaotunga muziki wa kielektroniki kuanzia Mtwapa hadi Gongoni humtumia nyimbo zao zikiwa vipande vipande, naye huzipanga hadi kila sauti ikae mahali pake. Vijana huita kazi hiyo kumiksi. Yeye huiita kupakua, kwa sababu chakula, anasema, huwa kimeshapikwa na mwingine.

Hutoza Sh3,500 kwa wimbo mmoja. Mwezi mzuri hupata nyimbo nane au tisa. Msimu wa mvua, hoteli zikifunga, hupata mbili tu, na hapo hujazia kwa kufunga vipaza sauti kwenye harusi na mazishi.

Lakini kwa mwaka mzima sasa amekuwa na kazi nyingine ambayo hakuna anayemlipa kuifanya. Ana kanda moja ya mwaka 1996. Ndani yake wanawake sita wanapiga kayamba huku wa saba akiimbisha. Mmoja wa wale sita ni marehemu mamake, Priscilla. Everlyne hajui ni yupi.

"Mama hakuwahi kurekodiwa mahali pengine popote," anasema. "Si sauti, si video. Picha ninazo mbili. Kwa sauti, nina hii kanda peke yake, na humo yumo ndani ya watu."

Ili kufahamu kanda hiyo ilitoka wapi, inabidi kurudi kwenye duka la babake, Menza Mwaringa, lililokuwa karibu na soko la zamani la Malindi. Sisi tuliokulia mji huu tunalikumbuka. Lilifunguliwa saa mbili asubuhi, na lilifunguliwa kwa wimbo. Watu wasiokuwa na nia ya kununua chochote walisimama pale kwenye kona, mikono mifukoni, wakijifanya wanasubiri mtu.

Ulikuwa ukienda na kanda tupu na karatasi yenye majina ya nyimbo unazotaka. Mzee Menza akiisoma karatasi yako, akikutazama, akiisoma tena. Kama uchaguzi wako haukumpendeza, alikwambia. Ukirudi kesho yake, ulipata kanda yako imejaa, na mwishoni ameongeza wimbo mmoja wa kwake, bila malipo, wa kukurekebisha tabia. Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba alirekebishwa mara tatu.

Everlyne alikuwa akitoka shule na kwenda moja kwa moja pale. Kazi yake ilikuwa kuzungusha kanda zilizolegea kwa kalamu, na kutazama mshale.

Mshale huo ulikuwa kwenye uso wa mashine ya kurekodi, ukicheza kwa kufuata sauti. Upande wa kushoto palikuwa peupe, kulia palikuwa pekundu. Wenye maduka wengine waliogopa pale pekundu. Mzee Menza aliuacha mshale uingie kidogo, utoke, uingie tena.

"Alikuwa akisema sauti ikigusa nyekundu kidogo inapata mafuta," Everlyne anakumbuka. "Ikizama humo inaungua. Mimi nilikaa pale kwenye stuli, mshale ukizidi namgusa bega. Hiyo ndiyo shule yangu ya muziki, sina nyingine."

Anachofanya leo kwenye kompyuta, anasema, ni kile kile cha stuli. Anakigawa katika kazi tatu na kuzipa majina yake mwenyewe.

Ya kwanza ni kukata. Kila sauti ina vilele, na dundo la kielektroniki lina vilele virefu kupita kiasi. Ukivikata ncha kidogo, sikio halitambui, lakini unapata nafasi ya kuupandisha wimbo mzima. Ukikata sana, wimbo unakwaruza kama spika iliyopasuka.

Ya pili ni kuchuja, ile ambayo vijana huita EQ: kupunguza besi hapa, kuongeza sauti nyembamba pale, ili kila chombo kiwe na chumba chake. Ya tatu ni kubana, kwa kifaa kiitwacho kompresa. Anayepiga kelele anashushwa, anayenong'ona anainuliwa, na wote wanatembea bega kwa bega.

"Kubana ndiko kunakonogesha muziki wa densi," anasema. "Na ndiko kulikoniponza."

Duka lilifungwa mwaka 2006. Watu walikuwa wamehamia kwenye diski, kisha kwenye flashi, kisha kwenye simu, na hakuna aliyehitaji tena mzee wa kumchagulia wimbo. Siku hizi pale huuzwa vifuniko vya simu. Mzee Menza alifariki miaka mitatu baadaye na kumwachia binti yake sanduku la bati lenye kanda ishirini na nne.

Mwaka jana ndipo Everlyne alipopata moyo wa kuzisikiliza moja moja. Juu ya moja, kwa mwandiko wa babake uliolala upande, aliona maneno haya: Mwanzele, Sabaki, 1996. Priscilla yumo.

Mwanzele ni ngoma ya Wagiriama, ya kayamba na kuimba, inayochezwa katika matanga ya wazee na hata siku za furaha. Mzee Menza aliwarekodi kina mama hao uani, ng'ambo ya mto Sabaki, kwa kipaza sauti kimoja alichokifunga kwenye ufagio. Everlyne alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo. Miaka miwili baadaye mamake aliugua malaria na kufariki kabla ya wiki kwisha.

"Niliisikiliza ile kanda nikalia mpaka nikachoka," anasema waziwazi. "Halafu nikakasirika. Baba aliandika yumo, hakuandika yuko wapi."

Kati ya wanawake wale saba amebaki mmoja tu: Hawe Kahaso, mwimbishaji mwenyewe, ambaye sasa anakaribia miaka themanini. Kwa Wagiriama, hawe ni bibi, na huyu ni hawe wa kijiji kizima. Ikiwa kuna mtu duniani anayeweza kusema kayamba ipi ni ya Priscilla, basi ni yeye.

Kosa la Everlyne lilianza na furaha. Rafiki yake wa kazi, Swafwan, kijana wa Mambrui anayetunga muziki wa kielektroniki na kuupiga kwenye kumbi za ufukweni, aliisikia kanda ile na kuruka juu. Walikwenda kumwomba Hawe Kahaso ruhusa, akawapa; swali la mamake Everlyne aliliweka hadi wimbo ukamilike. Swafwan aliweka dundo lake chini ya ile mwanzele, Everlyne akaimiksi.

Mwezi Machi wimbo ulipigwa kwenye ukumbi mmoja Kilifi na watu wakakataa kuketi. Everlyne alipokea pongezi kutoka kwa watu asiowajua. Akaona sasa ndio wakati wa kumpelekea mwenye wimbo, ausikie, kisha amwonyeshe kayamba ya mamake ni ipi.

Hawe Kahaso alisikiliza mpaka mwisho, kiganja shavuni.

"Ni wimbo mzuri, mwanangu," alisema. "Wa nani?"

Everlyne alidhani anataniwa. Akamwambia ni wimbo wake yeye Hawe, wa mwaka 1996. Yule bibi akatikisa kichwa.

"Huu umepigwa pasi. Hauna kupanda, hauna kushuka. Sisi mpigo mzito ndio ulikuwa watwambia geukeni. Sasa hapa nigeuke wapi? Nitaenda mbele tu mpaka niingie baharini?"

Everlyne akamuuliza kwa sauti ndogo: na mama, ni yupi hapo?

"Hapo hayumo."

Anapolisimulia hilo Everlyne anaivua hedifoni na kuiweka mezani. Alirudi nyumbani, anasema, akafungua kazi yake na kuikagua hatua kwa hatua, na ndipo alipoona alichokifanya.

Kayamba, kile chombo bapa cha matete chenye mbegu ndani, haitoi sauti ya mbegu peke yake. Mpigaji huitikisa kwa mikono miwili na kugonga kwa kidole gumba pale katikati. Ko. Kila mpigaji ana kidole chake na uzito wake. Hiyo milio ya vidole ilikuwa ndiyo vilele virefu vya rekodi ile, na kila kilele kilipotokea, kompresa ilishtuka na kuizamisha sauti ya mwimbaji. Kwa hivyo Everlyne, kama fundi yeyote mwenye akili zake, alivikata vyote.

Kisha akachuja ule mvumo wa kanda, na mbegu zikaondoka nao. Kisha akabana. Mpigo mzito na mpigo mwepesi ikalingana.

"Nilifanya kila kitu inavyotakiwa," anasema. "Ukimpa fundi mwingine atanisifu. Na kumbe nilikuwa namfuta mamangu."

Angeweza kurudi na kanda yenyewe, bila dundo wala mapambo. Alirudi nayo kweli, siku iliyofuata. Hawe Kahaso alisikiliza na kusema anasikia mvua kwa mbali, basi. Masikio yake yanafifia. Daktari alishamwambia kwamba sauti nyembamba hutangulia kupotea na nyinginezo hufuata. Na sauti ya kayamba ni nyembamba kuliko zote.

Hapo Everlyne aliingiwa na hofu ambayo, anasema, haijamtoka hadi leo. Kila wiki inayopita, shahidi wake wa pekee anasikia kidogo kuliko wiki iliyotangulia.

Alichofanya baadaye hakimo katika kitabu chochote cha muziki. Alikwenda kwa Hawe Kahaso na kumwomba akae amelipa jiko mgongo. Kisha yeye akaanza kugonga vitu. Aligonga sufuria kwa kijiko, Hawe hakusikia. Akatikisa funguo, hakusikia. Akagonga mlango kwa vifundo vya vidole, na yule bibi akaitikia, "Karibu!" Akatwanga kinu kwa mchi, akasikia tena. Everlyne aliandika yote kwenye daftari.

"Nikajua sasa anaishi wapi," anaeleza. "Anaishi kati ya mlango na kinu. Basi lazima nimlete mama mpaka hapo."

Ilimchukua miezi minne, katikati ya kazi za wateja. Alianza upya kutoka kwenye kanda. Safari hii hakukata ncha hata moja ya kayamba. Alikata vilele vya dundo la Swafwan, akalichuja pale katikati ili liache nafasi, na nafasi hiyo akawapa kina mama. Sauti za vidole gumba akazinenepesha kwa kuchuja mpaka zikakaribia ile ya mlango. Kompresa hakuigusa.

Swafwan alipousikia alikunja uso. "Dada Everlyne, nakuheshimu, lakini umeniua," alimwambia. "Huu uko chini. Watu watadhani spika zimeharibika."

"Wapandishe spika," Everlyne alimjibu. "Si wana mikono?"

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, mwandishi alimsindikiza ng'ambo ya daraja la Sabaki. Tulimkuta Hawe Kahaso amekaa kwenye mkeka akichambua mchicha, na alitupokea kana kwamba tumechelewa.

"Shikamoo hawe."

"Marahaba. Mumekuja na ile pasi yenu?"

Everlyne alicheka, akamvisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa. Mwandishi alipewa waya wa pili asikilize pamoja nao. Wimbo ulianza.

Mguu wa kulia wa Hawe Kahaso ukaanza kusogea kwenye mkeka. Ulipofika mpigo mzito, bega lake likageuka, na uso ukalifuata bega.

"Huyo ni mke wa mwalimu," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu waliovaa hedifoni. "Mzito huyo, apiga kama achanja kuni. Na huyo, huyo mwepesi, ni yule aliyeolewa Gongoni. Alikuwa mcheshi huyo! Mungu amrehemu."

Everlyne alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Na huyu ajaye nyuma," Hawe Kahaso akaendelea, "wenziwe washagonga, yeye ndio kwanza afika... Huyu ni Priscilla."

"Una hakika, hawe?"

"Mamako alikuwa na shoto. Kayamba yake ilikuwa ikienda huku, sisi twaenda kule. Mimi nilikuwa namgombeza kila siku, Priscilla, wachelewa! Yeye acheka tu. Mwishowe tulimzoea. Tulipoimba bila yeye tuliona wimbo una haraka." Akainua kidole. "Huyo." Akangoja. "Huyo." Akangoja tena. "Huyo."

Mwandishi alisikiliza kwa makini na kweli alikuwepo: ko moja ndogo, pembeni ya nyingine zote, ikifika baada ya wenzake kama mtu anayeingia kanisani ibada imeanza. Everlyne aliweka paji la uso wake kwenye goti la yule bibi na kulia. Hawe Kahaso alimpapasa kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaendelea kuonyesha. Huyo. Huyo.

Wimbo ulipokaribia mwisho Everlyne alinyoosha mkono ili azime, na yule bibi akamshika.

"Wacha uishe. Ule wa kwanza pia hukuumaliza."

Ni kweli. Katika ule wa Machi, Everlyne alikuwa amezififisha sekunde za mwisho, kwa sababu mpiga muziki wa ukumbini hutaka wimbo utoke polepole ili aingize mwingine. Sasa aliuacha. Kina mama walifika mwisho, kayamba zikasimama zote pamoja, kukawa kimya.

Halafu ikaja moja. Ko. Peke yake, hakuna dundo, hakuna mwingine.

"Huyo hapo," akasema Hawe Kahaso. "Hata kumaliza alichelewa."

Njiani kurudi, tulipovuka daraja, Everlyne alisema kwamba siku zote alijua mamake ana shoto, kwa sababu ndio mkono aliokuwa akimchapia. "Lakini sikuwahi kufikiri kwamba shoto lina sauti," alisema.

Leo asubuhi, baada ya kumaliza na lile dundo lenye kiburi, anafungua faili nyingine na kupandisha sauti. Ko. Anarudisha nyuma. Ko. Chumba kina joto la tanuri na hakuna anayekumbuka kuwasha feni. Kifaa cha kukata, cha kuchuja na cha kubana vyote amevizima, na mvumo wa kanda ya babake unasikika wote.

Ana mipango. Anataka kurudi kwa Hawe Kahaso na zile kanda nyingine ishirini na tatu, maadamu masikio bado yapo, aandike jina la kila mpigaji anayemtambua. Na wimbo wa mwanzele anataka utoke rasmi mwezi Desemba, wageni wakiwa wamejaa pwani. Utaanza na ile ko moja, kisha kimya cha sekunde nne, kisha kayamba nyingine, na dundo la Swafwan mwisho kabisa.

Swafwan ameshalalamika. Hakuna mtu, anasema, atakayesimama katikati ya ukumbi sekunde nne nzima akisubiri wimbo uanze.

Everlyne anasikiliza tena, macho ameyafumba.

"Watasubiri," anasema. "Mama huchelewa kidogo."